Kwetu Watoto Hawahesabiwi

Siku ya kwanza ya kazi nilikabidhiwa boksi la baridi, nikaambiwa nililinde kama kuku anavyolinda mayai. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la pili tu, hapa hapa Susuni, lakini zahanati ilitaka mhudumu anayejua Kikurya na Kiswahili. Ndani ya boksi zilikuwamo chupa za chanjo ya surua, zimelala katikati ya barafu.

"Mama Marwa," Bwana Afya aliniambia, "dawa hii ikipata joto imekufa. Na chupa ikishafunguliwa haingoji kesho."

Bwana Afya aliletwa kwetu kutoka Songea. Alikuwa mtu mwema, ila asubuhi ile alisimama mbele ya akina mama akaanza kunyoosha kidole: mmoja, wawili, watatu. Hajafika wa sita, watoto wote wameshafunikwa kanga. Mama mmoja aliinuka na mwanawe mgongoni.

"Huyu anahesabu ng'ombe wa mnada?"

Ninyi vijana wa leo hamjui. Kwetu ukimhesabu mtoto ni kama unamwonyesha kifo alipo. Nikamvuta Bwana Afya pembeni.

"Waite kwa majina."

"Watoto wote hawa? Nitayajulia wapi?"

"Nitayajua mimi."

Basi ndivyo tulivyofanya kazi. Mimi naita jina, yeye anachora mstari kwenye daftari. Yeye alikuwa na mistari yake, mimi na majina yangu.

Kila mwaka, ulezi ukishaingia ghalani na majani yamekuwa rangi ya simba, tulipanda Landrova, tukavuka mto Mara kwenda vijiji vya Serengeti. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, na balozi wa nyumba kumi ndiye aliyetupa idadi ya watoto. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, nayachemsha kwenye jiko la mafuta ya taa huku naita majina.

Mwaka mmoja tulimaliza kijiji cha mwisho mchana. Bwana Afya akafunga daftari, hesabu imetimia. Chupa ya mwisho ilikuwa imebakiza dozi moja. Tukaondoka. Garini nikawa nayarudia majina kimoyomoyo, kama nilivyozoea.

"Simamisha gari," nikasema. "Robi wa Nyangi hakuja."

Mwaka uliotangulia Robi alikuwa mchanga mno kuchanjwa, nikamwambia mama yake amlete safari hii.

"Idadi ya balozi imetimia, Mama Marwa."

"Yule mtoto mwenye shanga nyekundu ni mgeni, kaja na shangazi yake. Amekaa kwenye mstari wa Robi."

Dereva wetu Mwita akacheka. "Bwana Afya, huyu mama hata mbuzi wa kijiji anawajua majina. Nageuza?"

Bwana Afya alifungua boksi. Barafu ilikuwa kipande kama kiganja. Akalifunga haraka. "Geuza."

Kijijini tuliambiwa Nyangi amebaki kwenye mahame, kule walikotolewa wenzake, kwa sababu mama mkwe wake alikataa kuyaacha makaburi. Tukashika njia hiyo. Kupanda kilima, Mwita akakanyaga breki.

Nyumbu. Sikuwa nimewaona wakihama. Ardhi yote mbele yetu ilikuwa inatembea, nyeusi, kutoka upande mmoja wa mbingu hadi wa pili, na sauti yao niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Bwana Afya alivua kofia. Midomo yake ilianza, mmoja, wawili, kisha ikaacha.

Mimi nilikumbatia boksi, nikaomba kwa Kikurya, maana nikiomba kwa Kiswahili nakuwa kama naandika barua. Nikasema, Mungu, hawa wote ni wako na wewe huna haja ya kuwahesabu, unawajua. Basi mjue na Robi. Tufungulie.

Maji ya barafu yalikuwa yanatikisika ndani ya boksi, nikiyasikia. Kisha, bila sababu niliyoiona, kundi likaachana, kukawa na njia ya upana wa gari. Mwita akapita taratibu, pembe huku na huku.

Tulifika kipande cha barafu kimebaki kama punje ya hindi. Nikagusa chupa, ilikuwa baridi bado. Bwana Afya akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Nyangi, una watoto wanga..." Akanitazama. "Huyu anaitwa nani?"

"Robi," mama akajibu, akamfunua bega.

Mvua zilipoanza, surua iliingia kijiji kile. Robi haikumgusa.

Miaka ikapita, mwanangu Marwa akaniletea mchumba kutoka ng'ambo ya Mara. Binti akapiga goti. "Shikamoo mama. Naitwa Robi, wa Nyangi." Nilikaa chini pale pale nilipokuwa nimesimama.

Leo nimestaafu, macho yamefifia. Mwaka jana, baada ya mavuno, Robi na watoto wake walinichukua kwenda kuwaona nyumbu tena. Kwenye geti la hifadhi askari kijana akaniamkia vizuri, akainama dirishani na karatasi yake.

"Bibi, mko wangapi humo?"

Kabla sijafungua mdomo, Robi akanishika mkono.

"Mdogo wangu, geuza karatasi uandike nyuma," akamwambia. "Mama atakutajia majina."