Joka Lililopanga Fremu Ndama

Nawaambia mapema ili baadaye msinisumbue barabarani: haya hamtayaamini. Niliyasimulia Kituntu, wakacheka, wakaninunulia rubisi, ile pombe ya ndizi. Niliyasimulia Rugera, wakacheka, wakaninyima. Lakini anayebisha aende Ndama, ashuke pale magari yanapopakia kahawa, aulize joka linakaa wapi. Mtu yeyote atamwonyesha kwa kidole, tena bila kuacha kazi yake.

Linakaa kwa Kampire.

Kampire ni binti wa marehemu kaka yangu. Ni mrefu, anatembea taratibu kama watu wetu wote ambao babu zao walitoka Rwanda nyuma ya ng'ombe, wakafika Kyerwa, ng'ombe wakaisha, wakajifunza jembe. Mwendo ni wa taratibu, mdomo hapana. Shule aliishia kidato cha pili, mambo ya nyumbani yakamrudisha. Amechuma kahawa kwenye vibanja vya watu, amekaanga maandazi, na mwisho akapanga fremu ya Mzee Rwegasira, akaanza kuchajia watu simu. Akili hiyo ya biashara kaitoa upande wetu. Hilo halina ubishi.

Siku moja mwalimu mmoja aliyekuwa anahama akamuuzia televisheni na mashine ya gemu. Vijana wakaja kucheza mpira. Lakini ndani ya mashine kulikuwa na gemu nyingine ambayo hakuna aliyeitaka, ina milima, mapango, watu wenye mapanga, na ndani kabisa ya mlima joka limekaa kwenye kiti cha mawe. Maneno yote ya Kiingereza. Kampire akaanza kuicheza mwenyewe wakati simu za watu zinachaji, anasoma alichoweza kusoma, na pale Kiingereza kilipomshinda alifanya kama mpishi aliyeishiwa chumvi ya dukani: akatia ya kwake.

Ndivyo ilivyozaliwa habari ya Omugurusi, yaani yule mzee. Jina lake la kwenye gemu lilikuwa refu na lina herufi za kukwaruza koo, Kampire akaliacha huko huko.

"Zamani," alikuwa akiwaambia wateja, vidole vinabonyeza, macho hayatoki kwenye kioo, "watu walikula vitu vibichi kama mbuzi. Omugurusi akashuka mlimani, akawapulizia moto. Wakapika. Wakafua vyuma. Wakamwambia, wewe ndiye mtawala wetu, keti. Akaketi. Akatawala mpaka majani yakaota kwenye mgongo wake."

"Halafu?" mtu huuliza, ameshasahau simu yake.

"Halafu watu wakashiba. Wakasema, moto tunao, yeye wa nini? Waliomtunza ndio waliomfungia mlango wa pango. Watoto wao wakazaliwa hawajui hata jina lake. Sasa kuna mfalme mpya, anatuma vijana wakamuue mzee wa watu."

Adelard, dereva wa bodaboda na mbishi wa kituo kizima, alimuuliza siku moja, "Na hao ng'ombe wake wa pembe ndefu unaowasema kila siku, mbona hatuwaoni?"

"Wako malishoni. Ulitaka ng'ombe walale ikulu?"

Watu wakaanza kuja kusikiliza tu, hata wasio na simu ya kuchaji. Adelard ndiye aliyeapa kumuua Omugurusi. Kila jioni akitoka barabarani alishika padi ya kuchezea, akakimbia ndani ya pango na upanga juu, akachomwa. Wakacheka. Akarudi. Akachomwa. Hakuna aliyewahi kufika hata kwenye ngazi ya kile kiti.

Sasa habari zikamfikia mwenye fremu.

Mzee Rwegasira ni mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa koti hata jua likiwaka, kibanja chake cha kahawa na migomba ukikiona unaweza kulia kwa wivu. Akaja asubuhi, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kampire, mwanangu, mimi nilipangisha kwa mtu wa kuchaji simu."

"Ndiyo, Mzee."

"Sikupangisha kwa joka. Joka tunalijua ni nani, limeandikwa kwenye Maandiko. Kwenye maombi wameniuliza, eti Rwegasira umempangia yule mwovu, tena umemwekea na umeme? Mwezi huu ukiisha, wewe na joka lako mtafute pengine."

Kampire akapiga hesabu haraka. Pengine wapi? Fremu zote za pale zilikuwa na watu, na huko pembeni umeme ulikuwa haujafika. Bila umeme hakuna simu, bila simu angerudi kuchuma kahawa za watu na kulala mgongo ukimuuma, kama mama yake. Mwingine angelia. Mwingine angelifuta lile gemu na kuomba msamaha, na nakiri hata mimi nilimshauri hivyo, ingawa nilisema kwa hekima. Yeye akapiga goti moja na kusema:

"Nitahama, Mzee. Lakini hata aliyekamatwa na mkungu wa ndizi za watu begani huitwa kwenye baraza la kitongoji akasikilizwa. Njoo umwone kabla hujamfukuza."

Rwegasira akakubali. Maana amekuwa akiamua kesi za watu miaka yote, na sharti lake kuu ni hilo hilo.

Jumapili baada ya ibada akaja. Alikuja na mkewe, Mama Celestina, ambaye hakualikwa ila alisema hawezi kubaki nyumbani wakati mumewe anakwenda kuonana na Shetani. Wakapewa benchi la mbele. Fremu ilijaa, dirishani ni vichwa tu. Kampire alikuwa amefuta vumbi kwenye televisheni mara nyingi hadi kioo kikawa kinang'aa kupita picha yenyewe.

Akampa Adelard padi, yeye apate nafasi ya kumweleza mzee. Adelard, kwa kutaka sifa mbele ya mzee, akakimbia ndani ya pango kama mtu anayefukuza mwizi. Moto ukatoka. Akachomwa.

Rwegasira akaegemea fimbo yake.

"Huyu kijana ameingia kwa mtu mzima na panga?"

"Ndivyo mchezo ulivyo, Mzee," Adelard akasema.

"Sikumsikia akipiga hodi."

"Pango halina mlango tena, Mzee, vijana wa mfalme waliuvunja."

"Pango halina mlango, na yeye hana mdomo?" Akamgeukia mkewe. "Amechomwa kihalali. Hata mimi ningemchoma."

Mama Celestina akacheka mpaka kitenge kikamteleza begani. Kampire akaona tundu la sindano, akaingiza uzi hapo hapo. Akaanza kumweleza mzee habari ya Omugurusi, tangu watu wanakula vibichi, tangu moto, tangu vyuma. Akaeleza taratibu, bila kuongeza ng'ombe wengi. Alipofika pale watunzaji walipofunga mlango wa pango, Rwegasira akakohoa.

"Hana watoto?"

"Wapo, Mzee. Wametawanyika. Hawaji."

"Hawaji," Rwegasira akarudia, na watu wakatazama chini, kwa sababu wa kwake wako Mwanza na Dar es Salaam, na wanakuja kwa simu tu. Kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Na kila anayekwenda kwake anakwenda hivyo? Anakimbia tu? Hakuna anayejitaja?"

"Hakuna, Mzee."

"Basi hamjui kitu. Mtu akifika mbele ya mtawala anasimama. Anaweka mkuki chini. Anajisifu: mimi fulani, mtoto wa fulani, nimefanya hili na lile. Kwebuga, ndivyo wazee walivyoita. Babu yangu alifanya. Mtawala akisikia ndiyo anajua kama wewe ni mtu au ni mbwa aliyepotea. Vita ni baadaye."

"Joka halisikii Kinyambo, Mzee," Adelard akasema.

"Umeshalijaribu?"

Hapo fremu nzima ilimgeukia Adelard, naye akapata shughuli ya kufunga kamba za viatu vyake, na alikuwa amevaa kandambili.

Rwegasira akasimama. Akavua kofia, akampa mkewe. Kampire akamnyang'anya Adelard padi, akamwingiza yule shujaa wa kwenye gemu pangoni, lakini polepole, kwa mwendo wetu ule. Akabonyeza, upanga ukarudi alani. Akabonyeza tena, shujaa akapiga goti. Joka likainua kichwa. Kifua chake kikaanza kuwa chekundu, na kila aliyewahi kukalia benchi lile alijua kinachofuata. Kampire akaweka padi mapajani, maana mtu akijisifu wengine hupiga makofi, na hakuna anayepiga makofi ameshika kitu.

"Mimi Rwegasira!" mzee akaguruma kwa Kinyambo, fimbo juu, na mabati yakajibu.

"Ee!" watu wakaitikia.

"Niliyebeba gunia la kahawa kutoka Rugera nikakataa kulitua njiani, wenzangu wakalia!"

"Ee!"

"Niliyelala na kiboko kwenye kibanja kimoja, asubuhi kiboko akahama!"

"Ee!"

"Niliyemwoa Mama Celestina akiwa ameshaposwa na mwalimu!"

"Hapo umesema kweli," Mama Celestina akasema kwenye kofia.

Kampire alikuwa anapiga makofi na macho yake yako kwenye kile kifua chekundu. Alijua joka likitema moto sasa, mbele ya watu wote, mzee ataaibika, na mzee aliyeaibika hangoji mwezi uishe. Wekundu ukapanda shingoni. Ukafika kwenye taya. Rwegasira akataja jina la baba yake, akataja la babu yake, akapiga fimbo chini, akanyamaza.

Na joka likafumba mdomo.

Nasema likafumba. Wekundu ukashuka shingoni, ukazimika kifuani. Likakunja bawa moja, likakunja la pili, likateremsha kichwa chake mpaka kidevu kikagusa mawe mbele ya yule shujaa aliyepiga goti. Chini ya kioo yakaja maneno, maneno ambayo hakuna mtu wa Ndama aliyewahi kuyaona, kwa sababu hakuna aliyewahi kuishi muda mrefu kiasi hicho.

"Limesema nini?" Rwegasira akauliza. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye koti.

Kampire akasogea kwenye kioo, midomo ikatembea kidogo. "Anasema, ni siku nyingi hajasikia mtu akija kwake na jina."

"Imeandikwa hivyo?"

"Imeandikwa hivyo, Mzee."

Iliandikwa hivyo? Mimi nisingeapa. Maneno ya kwenye kioo yalikuwa machache kuliko ya Kampire. Lakini Rwegasira alikaa chini, akachukua kofia yake, akaivaa. Kampire alibaki ameshika ukingo wa televisheni, anasubiri kuambiwa afungashe.

"Yule wa Maandiko," mzee akasema mwishowe, "hana adabu. Hilo linajulikana, ndiyo sababu alifukuzwa mbinguni. Huyu ana adabu. Sasa mtu mwenye adabu na mtu asiye na adabu wanawezaje kuwa mtu mmoja?"

Swali hilo nasikia lilipelekwa kwenye maombi, likarudi vile vile.

"Fremu ibaki. Ila Jumapili usifungue kabla ya watu kutoka kanisani. Na huyu," fimbo ikamwelekea Adelard, "asimguse mzee mpaka ajifunze kusalimia."

Kampire alitoka nje kama anakwenda kuangalia waya. Alisimama nyuma ya fremu, akaweka kiganja ukutani, akaupapasa kama mtu apapasavyo mgongo wa ng'ombe. Kisha akarudi ndani kuendelea na simu za watu.

Tangu hapo Ndama haijalala. Jumapili mchana wanakuja wanaume kutoka Rugera na Kituntu, wengine wanatoka Kyerwa kwa pikipiki, koti limekunjwa kwenye mfuko lisipate vumbi. Kila mtu anasimama mbele ya Omugurusi, anajisifu, watu wanaitikia, na joka linaamua. Wapo walioinamiwa. Wapo walioungua. Na zamu yangu ilipofika, fremu ilijaa mpaka watu wakapanda kwenye mabati, nami nikajisifu kwa Kinyambo, nikarudia kwa Kinyarwanda, nikamalizia kwa Kiswahili cha redioni, na lile joka, siwadanganyi, machozi yakalitoka, likanyanyuka kwenye kile kiti cha mawe, likasogea pembeni, likanipisha nika—

"Likakupisha, baba mdogo?"

Ni Kampire. Amesimama nyuma ya kiti changu na kikombe cha uji, anasoma haya ninayoandika juu ya bega langu. Sijui ameanza kusoma wapi.

"Likanipisha," nikasema.

"Wewe si uliungua hata jina la babu hujalifikia?"

"Niliungua kidogo. Lakini lilikuwa limeshaanza kunyanyuka, kila mtu aliona, hata Adelard muulize, lilikuwa limefika nusu ya kunyanyu—"

"Ulikuwa umeshika padi, baba mdogo, unapunga mikono. Vidole vikabonyeza, shujaa akachomoa upanga."