Mustang ya Shemeji na Kapri Yetu

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alirudi kutoka masomoni Amerika na Mustang. Ilikuwa ya buluu, boneti ndefu ajabu, na usukani wake ulikuwa kushoto. Mume wangu naye alikuwa na Kapri ya Kiingereza, nyekundu, aliyoinunua ikiwa imetumika. Tangu hapo Jumapili zetu zikawa za kubishana ni ipi gari zaidi.

Jumapili moja tulitoka kanisani, jakaranda zimemwaga maua Ngong Road yote, nami mimba yangu imetimia. Ndugu hao waliegesha pale Adams Arcade, wakafungua boneti, watu wakakusanyika.

"Hii yako ni cherehani," shemeji akamwambia mume wangu. "Sikiza hii." Akakanyaga mafuta. Mustang ilinguruma chini kwa chini, mngurumo ukanipanda kupitia nyayo hadi tumboni. Mtoto akageuka.

"Kelele tu," mume wangu akajibu. "Ngoja kona." Akaanza kufungua kabureta ya Kapri aonyeshe watu.

Nikiwa nimesimama pale, chupa ya uzazi ikapasuka.

Kapri ilikuwa wazi, vipande vyake viko chini kwenye gazeti.

"Nendeni!" mume wangu akapiga kelele. "Nairudishia hii, nakuja nyuma!"

Shemeji akaniketisha mbele, upande wa kulia, pale ambapo magari yetu huwa na usukani. Mbele yangu hapakuwa na kitu ila kioo kipana na barabara. Tulipofika nyuma ya lori, yeye huko kushoto hakuona chochote.

"Shemeji, niambie. Niende?"

"Ngoja," nikasema, uchungu ukipanda. "Ngoja… sasa!"

Mustang ikatoka polepole, halafu kwa nguvu laini, kama kitanda kinachoelea. Uchungu ulipotulia niliona mji ukipita mbali sana: maduka yaliyofungwa, familia zimevaa za Jumapili bustanini, mwanamume akipiga picha ya mke wake. Nilitamani tusifike.

Kwenye raundiabauti ya Uhuru Highway kitu chekundu kikatupita ubavuni, kikalala na kona, kikanyooka mbele yetu, taa zinawaka, honi inalia. Sikuwa na haja tena ya kusema ngoja. Kapri ilitufungulia njia hadi hospitalini Parklands.

Binti yetu alizaliwa jua likiwa bado juu. Baba yake alinyoosha mikono ampokee, na nesi akamgombeza: "Baba, nawa grisi kwanza!"

Jioni wale wawili walisimama kando ya kitanda wakibishana kwa kunong'ona nani kamleta mtoto. Mwishowe shemeji akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyepanda. Sema ukweli."

"Kubebwa, nataka yako," nikasema. "Lakini ya kuendesha mwenyewe, nataka ile nyekundu."

"Wewe? Kuendesha?"

Wakacheka wote wawili, nami nikacheka, ila sikuwa natania.

Petroli ilipopanda bei shemeji aliiuza Mustang. Alisimama getini akiitazama ikienda hadi ikapotea, kisha akaomba chai. Wakati huo nilikuwa nimepata leseni. Asubuhi nilimwacha binti kwa dada yangu, nikateremka na Kapri kutoka Kileleshwa kwenda ofisini mjini, madirisha wazi, ukungu unaingia, na mtu wa kunifundisha kona hayupo.