Gari la Spoti Zizini kwa Budeba

Mzee Budeba wa Madibira alipovuna mpunga ukamlipa, alinunua gari la spoti: jekundu, la milango miwili, tumbo nusura liguse ardhi, na lenye umri wa kuoa. Akaenda nalo Mbeya, kwa fundi Liberatus wa mtaa wa Soweto, amfundishe kulitunza.

"Mzee, lisilale siku mbili bila kutembea," fundi alisema. "Asubuhi liache lipate joto kwanza. Chungulia chini kama limevuja. Na usikilize mlio wake. Likikohoa, lina sababu."

Budeba alikunja uso. Yaani amesafiri kutwa nzima kuja kuambiwa mambo aliyofundishwa na babu yake Usukumani, akiwa na miaka sita?

"Fundi, huyo unayemweleza ni ng'ombe!"

Basi akalitunza kama ng'ombe. Kila asubuhi alilichungulia tumboni, akalitoa pamoja na kundi, akamfuata fahali wa mbele taratibu mpaka mtoni. Jioni wakarudi wote. Mkewe, Veronika, alilifunga kengele nyuma lisije likapotea.

Baada ya mwaka alilirudisha Soweto likinuka samadi. Liberatus alifungua boneti. Injini ilikuwa kama imetoka kiwandani jana.

"Mzee, umewahi kulikimbiza kweli? Hili linafika mia mbili na ishirini!"

Budeba alimtazama kwa huruma.

"Likishafika huko, fundi, ng'ombe nitakuwa nimemwachia nani?"