Baba Aliyemwambia Dadangu "Ongeza Moto" Anataka Kuja Kwetu

Admin, tafadhali usinitaje. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na saba, sijaolewa, naishi hapa Eastlands, Nairobi, na mdogo wangu, nimwite Nekesa.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulikaa Makongeni. Baba alikuwa karani wa reli, akanunua pikipiki ndogo ya kuchezea kwenye matope na vilima kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Jumapili tukitoka kanisani tuliisukuma hadi mashamba yaliyokuwa wazi kule Donholm, Mama amebeba chai na mihogo, tukapokezana kuiendesha. Watu walitushangaa. Mimi nilikuwa mwoga. Nekesa, msichana wa darasa la tano, aliruka nayo matuta kama aliyezaliwa juu yake.

Jumapili moja mvua ilikuwa imenyesha. Tulipokaribia timbo la mawe Mama alisema, "Baba watoto, hapa si pazuri."

Baba akacheka. "Mwache mtoto afurahi. Nekesa, ongeza moto!"

Akaongeza. Gurudumu likateleza, pikipiki ikatumbukia timboni pamoja naye.

Hakufa. Alivunjika uti wa mgongo, na miguu haikusimama tena. Baba alivumilia miezi michache, kisha akaomba uhamisho wa Mombasa. "Siwezi kumtazama," alimwambia Mama. Akaoa huko, hata salamu hakutuma. Mama alimbeba Nekesa mgongoni hadi chooni, hadi kwenye foleni za hospitali, mpaka siku aliyoanguka akifua shuka zake, asiamke. Nikashika nafasi yake mimi. Mwanamume aliyetaka kunioa aliuliza kama dadangu angekuja nasi. Nilipoitikia, sikumwona tena.

Mwezi uliopita Baba alipiga simu. Mkewe wa Mombasa amefariki, naye kiharusi kimempoozesha upande mmoja. "Mwanangu, nataka nife nikiwa kwenu."

Nilikata simu. Nekesa alikuwa amesikia yote. Akaniambia, "Mwache aje, dada. Aliyeanguka ni mimi, si wewe."

Tangu hapo hatuongei vizuri. Anasema nina roho ngumu. Labda ninayo. Lakini yeye atamsamehe akiwa kitandani. Wa kumgeuza, kumlisha na kumwosha ni mimi, kwa mikono hii hii ninayomwoshea yeye.

Nyinyi mliouguza wazazi, mngemfungulia mlango? Nishaurini, maana Nekesa ameshaanza kuniuliza Baba atalala chumba gani.