Vitambaa vya Gaspari

"Amesoma miaka yote hiyo ili aje kutuambia habari za mavi?" Ndivyo alivyoniambia kaka yangu Desideri juu ya Yustina, hapa hapa Pito, jikoni kwangu. "Yule anamtetea mama yake tu. Shangazi alizima moto, Gaspari akafa. Basi."

Nikamwambia, kaa kwanza unywe togwa. Hakukaa.

Wewe mjukuu wangu umezaliwa ugomvi huu ukiwepo, basi sikia ulikotoka. Nilipokuwa mtoto tulihamishwa. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu wote wakaambiwa wakae pamoja kando ya barabara. Kwetu sisi, ukoo ukihama, moto wa jiko hauachwi. Unabebwa kwenye kigae, na anayebeba ni binti wa ukoo. Bibi akampa shangazi, dada yake baba, msichana bado. Akamwambia, "Moto huu ukifa njiani utatafuta pa kuwaka. Utawaka ndani ya mtoto."

Mvua ikatukuta uwandani, moto ukafa. Shangazi akaenda kuomba kaa kwa watu tusiowajua, akarudi nalo. Hakuficha.

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa na giza, moshi mtupu. Kule kijiji kipya tulikaa kwenye kibanda kisichoezekwa bado, mwanga tele. Ndipo mama alipomwona vizuri mdogo wetu Gaspari, kichanga cha mgongoni. Macho ya manjano, kama kiini cha yai. Bibi akasema, "Si nilisema?" Tumbo likajaa, mikono ikabaki vijiti. Alikufa ulezi haujavunwa. Baba akamwambia dada yake asikanyage tena kwake. Shangazi akaolewa kijiji cha Kate, akabaki huko. Bibi alikufa, baba alikufa, hakuja.

Mimi sikulia. Nilikuwa nafua vitambaa vya mtoto, nikaambiwa amekufa, nikamalizia kufua. Mpaka leo sijui ningelia vipi.

Sasa huyu Yustina, daktari, ni mtoto wa shangazi. Shuleni walikuwa wakimwita mtoto wa mzima moto. Akasoma, akaenda Dar es Salaam, akaenda Ulaya, akarudi. Kazi yake ni matumbo na maini ya watoto, wale wa macho ya manjano. Anawatibu, tena anawachunguza, ajue wanaanza kuumwa lini. Anazunguka kliniki na karatasi yenye rangi za choo, anawaonyesha wazazi. Ndiyo hayo mavi ya Desideri.

Alikuja kwangu mavuno yaliyopita. Akanipa shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akanisaidia kupeta ulezi.

"Dada," akasema, "nani alikuwa anafua vitambaa vya Gaspari?"

"Mimi."

"Choo chake kilikuwa rangi gani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia, cheupe, kama majivu. Nilikuwa nakisugua kwenye mawe, hakiachi hata doa.

"Mawe ya wapi?"

"Ya kijito chetu. Kule tulikohama."

Akaacha kupeta. "Kabla hamjahama?"

"Kabla. Huku kijiji kipya tulifulia kwenye beseni."

Akaweka ungo magotini. Kisha akanieleza polepole. Ini la mtoto lina njia ya kupitisha nyongo, ndiyo inayokipa choo rangi. Ya Gaspari iliziba. Choo kikawa cheupe kwanza, macho tukayaona baadaye. Kuna upasuaji, ila mtoto awahishwe akiwa mchanga kabisa, na miaka ile huku kwetu nani angejua. "Mama yangu alikuwa hajakishika kile kigae," akasema. Akaendelea kupeta. Sikuhisi kitu, wala furaha. Niliona tu ungo unapanda na kushuka.

Nikamweleza Desideri. Akacheka. "Ulikuwa mtoto. Nani anakumbuka kinyesi?"

Anayekifua, nikamwambia.

Shangazi anaumwa sasa. Ameomba akifa alazwe kwetu, karibu na kaka yake. Desideri ndiye msimamizi wa makaburi ya ukoo, na amesema hapana. Mimi nimemwambia siku hiyo nitasimama pale pale na jembe langu, anipite kama anaweza.

Kesho unapanda gari la Kate. Miguu yangu haifiki huko. Shangazi hasikii vizuri, msogelee sikioni. Mwambie Gaspari alianza kuumwa moto wetu ukiwa bado unawaka. Mwambie nimesema mimi, niliyefua.