Kidole Gumba cha Fundi wa Maabara

Mbele ya wageni na maprofesa alitamba: "Kingamwili yangu haijawahi kudanganya hata siku moja!" Ndiye fundi mkuu wa maabara yetu. Kazi ya kingamwili hiyo ni kunasa kimeng'enya kimoja tu, kile kinachopitisha ujumbe ndani ya seli. Ikikinasa, mstari mweusi hujitokeza kwenye utando mweupe kama karatasi. Mimi kazi yangu ni kuosha vyombo, lakini macho ninayo. Kila akionyesha utando, kidole gumba chake hukaa palepale, ukingo wa kushoto, huku akipiga mluzi. Nani hushika kitu hivyo kila siku?

Jana dada anayeandika tasnifu alimwambia, "Kaka, hebu toa kidole. Nataka kuona sampuli ya zile seli nilizoziondolea kimeng'enya."

"Mdogo wangu, hapo hapana kitu."

"Ndiyo maana nataka kukiona hicho kisichokuwepo."

Mluzi ukakatika. Kidole kikasogea kwa uvivu wa mtu anayeamshwa. Chini yake palikuwa na mstari mweusi tii kuliko yote. Kumbe kingamwili ilikuwa ikinasa kitu kingine kabisa. Dada akakaa chini, yeye na miaka yake miwili ya utafiti uliotegemea kingamwili hiyo. Kichupa cha kingamwili nyingine ni dola mia nne na sitini.