Tyubu za Fundi Selemani na Mkewe

Jumapili, tarehe 9 Juni. Manyunyu tangu alfajiri, Kariakoo matope matupu.

Ninyi mnaoanza kazi ya maabara mmeniomba niandike ilivyokuwa. Shule yangu iliishia kidato cha pili; nikikosea nisahihisheni.

Siku ya kwanza kwenye kliniki yetu, jirani na Mnazi Mmoja, nilipiga deki tu. Baadaye nikafundishwa kutoa damu. Miaka ya mwisho tulifuatilia wagonjwa wa neva zinazoendesha misuli. Neva zikiharibika, protini zake huvujia kwenye damu. Zikiwa nyingi, ugonjwa unakimbia. Zikiwa chache, unakwenda polepole. Tulipima pia mtu mwenye afya, kwa kulinganisha.

Fundi Selemani, mshonaji, alikuja na mkewe, Bi Zuhura, aliyejitolea kuwa huyo wa kulinganisha. Mume ndiye aliyetangulia kila mara, maana mke aliogopa sindano. Nikazoea kubandika lebo za majina kwenye tyubu za damu kabla hawajaketi, ya fundi kwanza. Siku moja Bi Zuhura akawahi kiti.

"Leo naanza mimi, asije akanitangaza mtaani kuwa mwoga!"

Tukacheka, nikatoa damu.

Majibu yakaja: ya fundi yameshuka kabisa, ya mkewe yamepanda. Daktari Mkuu akampigia fundi simu kumpongeza, akamtaka mkewe arudi kupimwa. Hapo ndipo nilipokumbuka nani alitangulia kuketi.

"Daktari, nadhani nimebadilisha tyubu."

"Unadhani au unajua?"

"Nadhani. Ila lebo nilibandika mapema, hilo najua."

Alikunja uso, lakini hakunifokea. "Na mimi nimeshangilia bila kuuliza," alisema.

Nilikwenda mwenyewe dukani kwao, nikaeleza. Fundi akaweka mkasi chini.

"Kwa hiyo sina nafuu yoyote?"

"Sijui, fundi. Tupime tena."

Bi Zuhura akadakia, "Wewe angalau umepona siku tatu! Mimi siku tatu najipapasa mikono!"

Fundi akacheka mpaka akakohoa.

Safari hii lebo nilibandika baada ya damu, mbele yao. Majibu ya fundi yalikuwa palepale pa zamani. Ya mkewe mazuri.

"Palepale panatosha, mama," fundi aliniambia. "Nina muda wa kumfundisha huyu kukata vitambaa."

Sina hakika ningepata ujasiri wa kukiri kama Daktari angekuwa mkali. Gauni nililovaa siku ya kuagwa kazini alikata Bi Zuhura, mumewe kaketi pembeni akimkosoa kila mshono. Limenikaa vizuri.

Jioni hii tumekula wali wa nazi na samaki changu wa kukaanga kutoka soko la Feri.